Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuziba Log4Shell na mapengo mengine kwenye seva ya Minecraft

Tunaendesha seva ya Minecraft ya vijana wa Arusha na Moshi. Kila likizo ya Desemba seva hujaa. Shule zimefungwa, na watoto waliopanda basi kutoka Dar kuja kwa bibi na babu Kilimanjaro wanawaingiza binamu zao. Kila likizo pia huibuka seva mpya, nyingi zimewashwa na kijana wa kidato cha tatu kwenye kompyuta ya nyumbani au kwenye seva ya kukodi, na nyingine zinatumia toleo la zamani la mchezo lenye pengo linalojulikana dunia nzima tangu 2021. Maswali yaliyo hapa tumeulizwa kwa simu, kwenye chati, na mara kadhaa tukiwa tumesimama kituoni. Tumeyajibu kwa urefu pale ambapo tumeona watu wakikosea zaidi.

Pengo lenyewe ni lipi, kwa lugha ya kawaida?

Linaitwa Log4Shell, na namba yake rasmi ni CVE-2021-44228. Halikuwa kwenye Minecraft yenyewe. Lilikuwa kwenye Log4j, maktaba ya Apache Software Foundation ambayo programu nyingi sana zilizoandikwa kwa lugha ya Java huitumia kuandika logi, yaani daftari la kila kinachotokea kwenye seva. Chen Zhaojun wa timu ya usalama ya Alibaba Cloud aliwaarifu Apache kimyakimya tarehe 24 Novemba 2021. Tarehe 9 Desemba habari ikatoka hadharani. Kwetu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya miaka 60 ya Uhuru, watoto wako nyumbani na seva imefurika. Pengo lilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari.

Mfikirie mlinzi wa getini na daftari lake la wageni. Unaandika jina, unakotoka, unamwona nani. Mlinzi wa kawaida analitunza daftari basi. Log4j ilikuwa kama mlinzi ambaye, akikuta kwenye safu ya jina pameandikwa “nenda nyumba fulani, chukua mzigo, ulete ndani uufungue”, anakwenda kweli, anauleta na kuufungulia sebuleni. Kwenye Minecraft, safu hiyo ya jina ni chati. Mchezaji anaandika mstari mmoja wenye alama ya dola, mabano yaliyojikunja, neno jndi na anwani ya kompyuta aliyoitega. Seva inauandika mstari huo kwenye logi kama inavyoandika mingine yote. Log4j inausoma, inaifuata ile anwani, inapakua msimbo wa Java kutoka huko na kuuendesha. Mwenye seva hajabofya chochote wala nywila yake haijaibwa, ila mtu wa mbali sasa anaiamrisha kompyuta yake.

Tena chati ile ile inawafikia wachezaji wote waliomo, na mchezo ulio kwenye kompyuta zao nao huandika logi. Kwa hiyo mstari mmoja uliweza kuingia kwenye seva na kwenye kompyuta za watoto ishirini kwa mara moja. Hili ndilo linalotufanya tuandike ukurasa mrefu hivi. Wewe mwenye seva ndiye uliyewakaribisha hao watoto, na wao hawana namna ya kujua unaendesha nini huko nyuma.

Nizime seva kwanza, au naweza kuziba watu wakiwa ndani?

Zima. Mipangilio ya kuziba pengo, tutakayoieleza hapa chini, husomwa wakati Java inawaka, kwa hiyo hata ukiiandika sasa hivi haifanyi kazi mpaka uwashe upya. Tangaza kwenye chati dakika tano kabla, andika save-all, kisha stop, usubiri seva ijifunge yenyewe. Usifunge dirisha kwa nguvu, utaharibu dunia ambayo watu wameijenga kwa miezi.

Na kama huwezi kuziba leo, bando limeisha au uko Marangu kwenye msiba, iache imezimwa. Wachezaji watalalamika, waache walalamike. Januari 2022 seva za kompyuta za michezo ya Dark Souls zilizimwa baada ya kugundulika pengo lililomwezesha mchezaji kuendesha msimbo kwenye kompyuta ya mwenzake. Za Dark Souls III zilirudi Agosti mwaka huo. Ni kampuni yenye wateja duniani kote, na ilikubali miezi saba ya kulaumiwa. Wewe unaomba siku moja.

Nitajuaje kama toleo langu limo?

Fungua faili la logs/latest.log. Mistari ya mwanzo inataja toleo la seva. Minecraft ya Java iliyo chini ya 1.7 haikuguswa na Log4Shell. Kuanzia 1.7 hadi 1.18 yote yaliguswa. Toleo la 1.18.1 lilitoka tarehe 10 Desemba 2021 likiwa na kiraka cha pengo hili, na hilo pamoja na yaliyofuata yamezibwa.

Kama uko 1.18, hamia 1.18.1 au toleo la juu zaidi. Kama uko 1.17 na huwezi kuhama, ongeza kwenye amri ya kuwashia maneno haya: -Dlog4j2.formatMsgNoLookups=true

Kama uko kati ya 1.12 na 1.16.5, dawa ni nyingine. Pakua kutoka kwenye tovuti rasmi ya Minecraft faili linaloitwa log4j2_112-116.xml, liweke kwenye folda ambamo seva inawashiwa, kisha uongeze: -Dlog4j.configurationFile=log4j2_112-116.xml

Kwa 1.7 hadi 1.11.2 utaratibu ni huo huo, ila faili ni log4j2_17-111.xml na jina hilo ndilo linaloandikwa kwenye amri.

Hapa tunaomba usome polepole, kwa sababu kosa tunalokutana nalo kuliko yote liko hapa. Mtu ana seva ya 1.16.5, amesoma mahali kwamba dawa ni formatMsgNoLookups, akaiweka, akalala usingizi. Log4j iliyomo ndani ya 1.12 hadi 1.16.5 ni ya 2.8.1. Mpangilio huo uliletwa na Log4j 2.10. Yaani unaiambia Log4j neno ambalo kwa umri wake haijawahi kulisikia. Nayo Java hupokea chochote kinachoanza na -D bila kuuliza, kwa hiyo seva inawaka vizuri kabisa, hakuna onyo wala mstari mwekundu, na pengo liko wazi kama jana.

Nimeweka amri sahihi kwa toleo langu. Nimemaliza?

Angalia umeiweka wapi kwenye mstari. Tuna sababu ya kusisitiza.

Jumamosi ya tarehe 11 Desemba 2021 mimi nilikuwa Soweto, Moshi, na mwenzangu ninayeendesha naye seva alikuwa Njiro, Arusha. Wakati huo tulikuwa na seva ya 1.12.2 yenye modi za Forge, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo. Alinisomea amri kwa simu, nikaiongeza mwisho wa mstari, hivi:

java -Xmx4G -jar forge.jar nogui -Dlog4j.configurationFile=log4j2_112-116.xml

Seva ikawaka. Nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwenye kundi na maneno “tumeziba, karibuni”. Vijana wakarudi mbio. Jumatatu asubuhi binti mmoja wa kidato cha pili, anakaa Pasua, akaniandikia: “Shikamoo kaka, samahani, hiyo -D si inatakiwa ikae kabla ya -jar?” Nikaenda kusoma maelekezo ya Java. Alikuwa sahihi. Kila kinachokuja baada ya -jar na jina la faili hupelekwa kwa mchezo, Java yenyewe haikioni. Matoleo mengine ya Minecraft hugoma kuwaka ukikosea hivyo, na mtu anashtuka mapema. Letu halikugoma. Siku mbili nzima tuliwaambia watoto wako salama na hawakuwa salama.

Mstari sahihi ni huu:

java -Xmx4G -Dlog4j.configurationFile=log4j2_112-116.xml -jar forge.jar nogui

Tangu siku ile hatutangazi kitu mpaka watu wawili wamekiangalia, na mmoja wao awe hakushiriki kukifanya. Kwenye Linux andika ps aux | grep java wakati seva imewaka, usome amri nzima inavyoonekana: -D iko kabla ya -jar? Jina la faili limeandikwa herufi kwa herufi? Kisha andika ls kwenye folda ya seva uone kama faili lenyewe lipo, na halijajihifadhi kwa jina la log4j2_112-116.xml.txt, jambo ambalo Windows hupenda kufanya huku ikificha ile txt.

Umeme ukikatika, kiraka kinaondoka?

Kikiwa ndani ya faili la kuwashia, hakiondoki. Kama uliandika amri kwa mkono siku ile, kinaondoka, na ndivyo inavyotokea majumbani: umeme unakatika saa moja jioni, unarudi saa tatu, wewe hupo, mdogo wako anabofya start.bat ya zamani ili wenzake waendelee kucheza. Hariri start.bat au start.sh yenyewe, na ufute nakala zote za zamani zilizobaki kwenye folda na kwenye skrini ya mwanzo. Kwa wanaotumia paneli ya seva ya kukodi, hakikisha amri imehifadhiwa kwenye sehemu ya kuwashia, halafu uzime na kuwasha mara mbili ukiangalia kama inabaki.

Kwa nini msiseme tu watu wahamie toleo jipya?

Tunasema, na ndilo jibu bora. Ule mpangilio wa formatMsgNoLookups ulionekana ndani ya siku chache kwamba hautoshi katika mazingira fulani, na pengo hilo la pili likapewa namba yake, CVE-2021-45046. Apache wenyewe walitoa Log4j 2.15.0, kisha 2.16.0, kisha 2.17.0, na tarehe 28 Desemba wakatoa 2.17.1, yote ndani ya mwezi mmoja. Amri za kuongeza ni plasta ya kukufikisha hospitali.

Lakini tunajua kwa nini watu hawahami. Toleo la 1.18 linahitaji Java 17, na kuanzia 1.20.5 inahitajika Java 21, wakati kompyuta nyingi tunazozikuta bado zina Java 8. Dunia ikishafunguliwa na 1.18 inabadilishwa umbo, kina chake kinashuka hadi chini ya sifuri, na huwezi kuirudisha 1.16.5. Modi ulizozizoea huenda hazijaandikwa upya. Kuna kijana wa Sakina amejenga mji mzima kwa miaka miwili kwenye 1.12.2, hatuwezi kumwambia aufute kwa sababu sisi tumesema. Anachoweza ni kuweka faili la XML leo, kunakili folda ya dunia kwenye diski ya nje, na kujaribu toleo jipya kwa nakala hiyo, si kwa dunia yenyewe.

Natumia Paper, Spigot au Forge. Inanihusu?

Inakuhusu, maana zote zimejengwa juu ya seva ile ile. Wote watatu walitoa matoleo yaliyozibwa Desemba 2021. Ukipakua toleo la mwisho la Paper kwa namba yako ya Minecraft kutoka tovuti yao rasmi, umepata kiraka ndani yake. Usichukue faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyetuma ni mtu unayemheshimu. Yeye naye alilitoa kwa mwingine.

Nimeweka orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Haitoshi?

Inapunguza hatari, haizibi pengo. Na kwetu kuna tatizo la pili. Seva nyingi za hapa zinaendeshwa na online-mode=false, kwa sababu wachezaji wengi hawana akaunti ya kulipia. Hatuji kumsema mtu kwa hilo hapa. Lakini elewa maana yake: seva haithibitishi nani ni nani. Mtu yeyote anaweza kuingia na jina la mtu aliye kwenye orodha yako, hata jina lako wewe admini. Orodha ya majina bila uthibitisho ni sawa na kumruhusu mgeni kwa sababu amesema anaitwa Juma.

Seva yangu ina watu wanane tu, wote wa mtaani Kaloleni. Nani atanitafuta?

Hakuna anayekutafuta wewe. Zinatafutwa poti, yaani milango yenye namba ambayo programu husikilizia kwenye mtandao. Minecraft ya Java husikiliza kwenye poti 25565, na anwani zote za intaneti za aina ya IPv4 ni takriban bilioni 4.3. Inasikika kuwa nyingi, lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kugonga poti moja kwenye anwani hizo zote kwa chini ya dakika 45. Seva yako ya watu wanane itagongwa kama ilivyogongwa ya watu elfu nane. Anayegonga ni roboti, halijui Kaloleni wala halihesabu wachezaji.

Anachotaka mwenye roboti mara nyingi ni nguvu ya kompyuta yako: kuchimbia sarafu za kidijitali, au kushambulia wengine kwa jina lako. Kama seva iko kwenye kompyuta ya nyumbani, anapata pia njia ya kuingia kwenye Wi-Fi ile ile anayotumia baba kufanyia kazi za ofisi.

Hii si habari ya 2021? Si imeshapita?

Haijapita. Julai 2022 bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza suala hili ilitoa ripoti ikisema mifumo yenye Log4j yenye pengo itaendelea kuwepo kwa miaka mingi, labda muongo mmoja au zaidi. Sababu ni ndogo sana. Matoleo ya zamani ya mchezo hayafi. Mtoto wa leo akitazama video ya modi za 1.12.2 atazitaka hizo hizo, atapakua zile zile, na pengo litazaliwa upya chumbani kwake.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anacheza kwenye simu yangu. Simu yangu ina pesa. Iko salama?

Mama, kwa Log4Shell simu yako haikuguswa. Minecraft ya simu ni toleo la Bedrock, halikuandikwa kwa Java, na halina Log4j ndani yake. Kama mwanao anaingia kwenye seva ya Java kwa kupitia Geyser, programu inayowaunganisha wachezaji wa Bedrock na seva za Java, seva ile inaweza kuwa na pengo, lakini mstari ule hauiendeshi simu.

Kama anachezea kwenye kompyuta, muulize ameupata wapi mchezo. Walio na mchezo rasmi walipata kiraka kwa kufunga kizinduzi (launcher) na kukifungua upya, kikajisasisha chenyewe. Waliopewa nakala kwenye flashi hawakupata kitu, na wanatakiwa wahamie toleo la 1.18.1 au la baadaye. Na neno la siri analoingilia kwenye mchezo lisifanane na la barua pepe yako wala na namba yako ya siri ya pesa. Mwambie leo, akirudi shule.

Nitajuaje kama wameshaingia?

Anza na logi. Kwenye folda ya logs tafuta neno jndi, pamoja na yale mafaili yaliyokunjwa: zgrep -i jndi logs/*.gz na grep -i jndi logs/latest.log. Ukilikuta, mtu alijaribu. Usipolikuta, usishangilie. Washambuliaji walijifunza haraka kulivunja neno hilo vipandevipande ili lisitafutike. Kingine ni kwamba kwenye seva yenye pengo Log4j huubadilisha mstari kabla ya kuuandika, hivyo unaweza kukuta kwenye logi kitu tofauti kabisa na alichoandika mchezaji.

Kisha tazama kompyuta yenyewe. Andika top usiku ambao hakuna mchezaji hata mmoja: kuna kitu kinachokula prosesa yote? Andika crontab -l: kuna kazi usiyoijua? Angalia folda ya /tmp, angalia faili la authorized_keys kama kuna ufunguo usio wako. Kama bando la nyumbani lilikuwa linatosha mwezi na sasa linaisha wiki ya kwanza, hilo nalo ni la kuangalia.

Nimekuta dalili. Nisafishe vipi?

Usisafishe. Futa yote uanze upya.

Tunajua inauma. Lakini aliyeingia aliweza kuweka chochote mahali popote, na wewe unatafuta vitu ambavyo yeye ndiye aliyechagua pa kuvificha. Chomoa intaneti kwanza. Nakili logi zako na folda ya dunia tu, ile yenye mafaili ya .mca, maana hiyo ni data ya matofali na milima na haiendeshwi kama programu. Usinakili faili lolote la .jar: seva, plagini na modi zote zipakuliwe upya kutoka kwenye chanzo. Sakinisha mfumo wa kompyuta upya. Ndipo uweke toleo lililozibwa, urudishe dunia.

Halafu badilisha nywila zote kwa kutumia kompyuta nyingine: ya paneli, ya seva ya kukodi, ya barua pepe, na zile ulizohifadhi kwenye kivinjari cha kompyuta ile. Kama seva yako ilikuwa na plagini ya kuingia kwa nywila, waambie wachezaji wote kwamba nywila zao zihesabiwe zimechukuliwa. Watoto wengi wana nywila moja ya maisha, ndiyo ya mchezo, ndiyo ya Instagram, ndiyo ya barua pepe ya mama. Waambie siku hiyo hiyo. Tuliwahi kuongea na mwenye seva mmoja mjini Arusha aliyekaa kimya wiki tatu kwa kuona aibu, na katika wiki hizo tatu wachezaji wake wawili walipoteza akaunti. Bado linatusononesha.

Kwa shambulio kubwa, TZ-CERT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hupokea taarifa za matukio ya usalama wa mtandao. Hifadhi logi zako kabla ya kufuta chochote.

Sisi baada ya zile siku mbili za Desemba hatukukuta dalili yoyote. Tulifuta na kuanza upya hata hivyo.

Nikishaziba Log4Shell, kuna mengine?

Yapo. Ukiwa na modi za Forge za 1.7.10 au 1.12.2, lijue BleedingPipe, lililotangazwa Julai 2023. Baadhi ya modi zilikuwa zikipokea vitu vya Java kutoka kwa mchezaji na kuvifungua bila kuangalia ni vitu gani, na mchezaji mwenye nia mbaya alituma kitu kilichoendesha msimbo wake. Miongoni mwa modi zilizotajwa ni EnderCore, LogisticsPipes na BDLib. Zisasishe au zitoe, na uweke modi ya PipeBlocker kama kinga ya ziada. Faili la XML la Log4j halisaidii hapa hata kidogo, ni mlango mwingine kabisa.

Juni 2023 kulikuwa na fractureiser. Hapo hapakuwa na pengo la seva. Akaunti za baadhi ya watengenezaji kwenye tovuti ya modi ya CurseForge na kwenye tovuti ya plagini za Bukkit ziliingiliwa, na mafaili yenye programu hasidi yakapandishwa kwa majina yao. Ndiyo maana hatuweki modi siku ile ile inapotoka. Tunasubiri wiki.

Mbali na kiraka, nibadilishe nini?

Usiendeshe seva ya mchezo kama root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta. Tengeneza mtumiaji wa kawaida, mpe folda ya seva na si zaidi, ili siku mtu akiingia ajikute chumba kimoja na si nyumba nzima. Kwenye server.properties weka enable-rcon=false kama huitumii. RCON, njia ya kuiamrisha seva kutoka mbali, hutuma nywila bila kuificha, na poti yake 25575 haina sababu ya kuonekana kwenye intaneti. Kwenye ruta fungua poti ya mchezo peke yake, na uzime ile huduma ya kufungua poti zote kwa kompyuta moja ambayo mafundi wengi huiwasha ili “ikubali haraka”.

Naweza kuijaribu seva ya rafiki yangu nione kama ina pengo?

Mdogo wangu, hapana, labda yeye mwenyewe awe ameomba na mko pamoja mbele ya skrini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, na “nilikuwa najaribu tu” si ruhusa. Muulize toleo lake. Jibu utalipata bila kugusa chochote.

Niwaandikie nini wachezaji?

Andika kilichotokea, ulichofanya na wanachotakiwa kufanya wao, kwa Kiswahili cha kawaida. Hili ndilo tangazo tuliloandika Jumatatu ile, baada ya kusahihisha kosa letu:

“Ndugu wachezaji, seva imezimwa kuanzia sasa. Jumamosi tuliwaambia tumeziba pengo la Log4j. Tulikosea kuandika amri na pengo lilibaki wazi hadi leo asubuhi. Hatujaona dalili ya mtu kuingia, lakini tunasakinisha kila kitu upya na dunia yenu tumeinakili. Tafadhali fungeni mchezo, fungueni kizinduzi upya kisasishe, na mbadilishe nywila mliyotumia hapa kama mnaitumia kwingine. Anayechezea kwenye kompyuta ya mzazi amwonyeshe mzazi ujumbe huu. Seva itarudi Alhamisi saa kumi jioni, na kabla ya hapo tutaweka hapa amri nzima tuliyoandika ili kila mmoja aikague.”